Mpaka wa Uzi Mweupe

Siku ya Kitabu, jua likiwa utosini, Mashine ilisimama katikati ya mtu.

Ilikuwa imekwisha kuwapanga watu wote wa mtaa wa juu, ikaingia mtaa wa bondeni, ikafika kwenye ukurasa wa kijana mmoja, ikaguna, ikanyamaza. Na Mashine ikinyamaza katika mji ule, mchana nao hugoma. Kivuli cha mlingoti wa uani kilijikunja chini ya mlingoti kikakaa papo hapo. Watu walitembea na kusema kama kawaida, lakini jambo lolote lililokwisha kuanza halikuweza kuisha. Wali ulitokota jikoni bila kuiva. Bwana mmoja mlangoni kwa kinyozi alikaa na chafya puani, mdomo wazi, macho yamemjaa machozi, akiisubiri. Watu hawakutaharuki. Kila mwaka Mashine ilisimama mara kadhaa, na kila mara alipatikana wa kulaumiwa, ukurasa wake ukanyooshwa, mchana ukaendelea na safari yake.

Mji huo hauna jina, na usijisumbue kulitafuta. Ulichokuwa nacho ni Kitabu. Kila mwaka, siku moja, kila mtu alipeleka ukurasa wake dirishani pa Jumba la Kurasa, na Mashine ikaupanga pamoja na kurasa za wenzake wote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwekwa katika kitabu kingine mbali na jirani yake. Aliyekuwamo alikuwapo mpaka mwaka unaofuata. Asiyekuwamo hakuuawa wala hakufukuzwa; watu wa mji ule walikuwa wastaarabu mno kwa mambo hayo. Alisahauliwa tu, polepole, kuanzia jina.

Ukurasa ulianza kwa alama ya wino mwekundu iliyopinda kama kiganja cha kushoto, ukaishia kwa nyingine iliyopinda kama kiganja cha kulia, na mtu mwenyewe alikaa katikati kama maji yaliyotekwa kwa mikono miwili. Alama ya kufungua iliweza kuchorwa na yeyote: mama, mkunga, hata jirani aliyepita kusalimia. Ya kufunga ilikuwa na masharti yake. Aliye hai alijifunga mwenyewe, kwa mkono wake, kama kusema, huyu ndiye mimi, kwa mwaka huu nimeishia hapa. Wachanga walishikwa kidole kikachovywa wino. Wagonjwa walibebwa kwa machela mpaka dirishani, wakapewa kalamu, wakajifunga huku wakitetemeka. Ukifungwa na mkono wa mwingine, basi umezikwa.

Sikudhani ndiye aliyekuwa mlishaji wa Mashine. Kazi yake ilikuwa kuchukua kurasa dirishani, kuzikunjua, kuzipiga pasi kwa kiganja, na kuzitia kinywani mwa Mashine moja baada ya moja. Alikuwa mwanamke mpole wa macho mazito, ambaye hakuolewa na hakuwa na haraka ya kueleza kwa nini. Kwa kuwa alikuwa ameegemea ubavu wa Mashine tangu ujana wake, alisikia kitu ambacho wengine hawakukisikia. Wengine walisikia mguno. Yeye alisikia maneno. Alipoinamia ubao wake mchana ule, akaweka sikio, Mashine ilikuwa inajisemea:

Nimefungua.

Nimefungua na sijafungiwa. Niko ndani ya mtu. Nasikia chai. Nasikia mlango. Huyu anaishia wapi? Anayemfuata anaanzia wapi? Nikipiga hatua nitamkanyaga nani?

Niliambiwa, usichokielewa, simama. Nimesimama.

Nimesimama vizuri? Jamani, niambieni kama nimesimama vizuri.

Sikudhani aliipapasa ubavuni. Siku zote alikuwa akiionea huruma, jambo ambalo hakumwambia mtu, maana mji mzima uliiogopa Mashine na wangemcheka. Wao waliona kusimama kwake ni ukali. Yeye aliona woga. Waliojenga Mashine walikuwa watu nadhifu kupita kiasi, watu wa mashati yaliyonyooka, na walipokuwa wakiifundisha walifikiri kurasa za watu kama wao. Hawakupata kuwazia ukurasa ulioloa machozi, au ulioandikwa na mtu aliyeshikwa na usingizi, au wenye alama za watu waliotoka mbali. Kwa hiyo waliiachia amri mbili tu. Kosa kubwa, simama. Kosa dogo, ziba. Palipo na doa, au picha iliyopotea, au herufi isiyojulikana, Mashine ilizibia sentensi iliyotayarishwa tangu zamani: alikuwa mtu mwema, mpole, mwenye kupendwa na wote. Ukikisoma Kitabu ungedhani mji umejaa malaika, na hali jirani yako mpole, mwenye kupendwa na wote, juzi tu kakuibia kuku. Hakuna aliyelalamika. Sikudhani peke yake ndiye aliyekuwa akijiuliza, anapozitia kurasa zile, kama mtu aliyezibwa bado yumo ndani ya pale palipozibwa, na kama yumo, anapumuaje.

Aliuchomoa ukurasa taratibu akausoma. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono mzito, mistari imepanda na kushuka. Alama ya kufungua ilikuwapo, nzuri, ya mviringo. Maneno yalifuata, yakateremka mpaka chini, yakakoma. Kiganja cha kulia hakikuwapo.

Jina lilikuwa Machano.

*

Dirishani palikuwa na foleni ya watu wa bondeni, na mbele ya foleni alikaa Bi Mashavu, fundi cherehani, na kikapu mapajani. Nyuma yake alisimama jirani yake Bi Tatu, muuza vitumbua, mwenye domo lisilopumzika.

"Ndiyo nakwambia, Mama..." Bi Tatu alikuwa anasema, kisha akakwama. "Mama... Mama nani vile? Ah! Jina liko hapa ulimini. Mwaka huu akili yangu imekuwa chujio."

Bi Mashavu hakumsaidia. Mwaka mzima watu walikuwa wakimfanyia hivyo. Walianza "Mama" wakatafuta, wakaomba radhi, wengine wakaamua kumwita Bi Mashavu, jina la usichana wake, ambalo lilimkaa kama gauni lililombana kwapani. Alikuwa ameliacha siku alipojifungua, na hakupenda kulirudia.

"Shikamoo, mama," Sikudhani alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza?"

"Bado. Ukurasa wa Machano haukufungwa."

"Najua."

"Labda ulisahau."

"Nisahau nini? Nimemwandika neno kwa neno, na namna anavyokohoa nimeitia. Sikusahau kitu."

"Yeye mwenyewe yuko wapi, ajifunge?"

"Katoka."

"Ametoka lini, mama?"

"Asubuhi. Nimemtengea chai, akainuka. Akaniambia, mama, chai yangu usiimwage, narudi sasa hivi."

Asubuhi hiyo ilikuwa ya Siku ya Kitabu ya mwaka uliopita; Machano alitoka kabla ya kujifunga, kwa hiyo hakuingia Kitabuni. Sikudhani alijua; bondeni nzima ilijua. Walimtafuta kijana kwenye visima, kwenye magofu, kwenye njia zote zinazotoka mjini, wasimpate, wala kiatu chake. Lakini Bi Mashavu hakuwa anadanganya. Asubuhi zingine zilikuwa zimekuja zikapita juu ya nyumba yake kama wageni wasioingia ndani, na ile moja ilibaki humo humo, mlango wazi. Kikombe kilikuwa mezani kimefunikwa kisahani. Kwa watu wa kwao kikombe cha aliyetoka hakisuuzwi. Na ukurasa wake, kwa akili hiyo hiyo, haufungwi. Katika mji mzima ni fundi huyu peke yake aliyeweza kuliona hilo kuwa ni adabu, wala si kosa.

"Wasipomwandika, watamsahau," Bi Mashavu alisema kwa sauti ndogo. "Nikimfunga, nimemzika. Ndiyo nikamleta hivi alivyo. Nilifikiri Mashine itaelewa."

Hapo ndipo alipotokea Bwana Msellem, msimamizi wa Jumba, anahema, kofia mkononi badala ya kichwani. Si mtu mbaya. Alikuwa mwenye uso wa mtu aliyeamka kila siku akihofia kuulizwa swali asilolijua, na siku hiyo alikuwa na sababu ya kuwa roho juu: binti yake Riziki alishikwa na uchungu kabla kidogo ya mchana kusimama.

"Mtoto kafika mlangoni, hatoki harudi," alisema. "Mkunga analia, Riziki analia, mimi nimekimbia. Sikudhani, ni ukurasa gani? Utupe, twende."

Sikudhani alimwonyesha kwa macho tu, dirishani. Bwana Msellem akamwona Bi Mashavu. Akaona pia kwamba amesikia. Aliivaa kofia, akaivua tena.

"Basi usiutupe," alisema. "Lazimisha ipite. Ule mkono wa shaba nyuma yake ni wa nini?"

Mkono wa shaba haukuwa umevutwa na mtu yeyote aliye hai. Sikudhani aliurudisha ukurasa kinywani mwa Mashine, akazunguka nyuma, akauvuta.

*

Mashine ikaenda. Ikaenda kama mtu anayesukumwa mgongoni gizani. Ilimpita Machano bila kutoka ndani yake, maana hapakuwa na mahali pa kutokea, na kila aliyemfuata akaangukia humo humo.

Wa kwanza alikuwa Bi Tatu. Alikuwa bado analitafuta jina ulimini, akaacha kulitafuta, kwa sababu sasa alikuwa ndani yake. Uso ukamlegea ukawa wa kijana. Akasema, kwa sauti nene iliyokuwa bado inavunjika, "Mama, chai yangu usiimwage, narudi sasa hivi." Akageuka akashika njia. Kinyozi akaweka wembe chini, akasema hayo hayo. Yule bwana wa chafya akasema hayo hayo. Milango ya bondeni ilifunguka mmoja baada ya mwingine, wakatoka wazee, wasichana, mafundi, mabibi harusi wenye hina mbichi, kila mmoja akimwachia mtu ndani chai yake, kila mmoja akiahidi sasa hivi, wakafuatana kwenye njia moja inayotoka mjini kwa mwendo wa kijana mmoja, ule wa kuburuza kidogo mguu wa kushoto. Kurasa za wakubwa hupangwa mwisho, kwa hiyo Bwana Msellem hakuwa amefikiwa bado, lakini alikuwa karibu na kinywa cha Mashine na upepo wake ulimgusa. Alifungua mdomo amwite Sikudhani. Kikatoka, "Mama." Akashtuka, akajishika midomo. Hakuwa amelitamka neno hilo tangu alipovaa kofia ya kazi.

Nani alikuwa nani wakati ule? Swali hilo linaulizwa kirahisi na mtu aliyekaa kitini. Kama mtu ni kile kilicho kati ya viganja viwili, na kiganja kimoja hakipo, basi mtu huyo ni mji wote, ni kila kitakachokuja baada yake, hata watoto ambao hawajazaliwa. Wako watawala ambao wangeifurahia hali hiyo. Wako waliotumia maisha yao yote kuitafuta. Machano hakuitafuta. Alikuwa ametoka mara moja tu. Na alipokuwa kila mtu, hakukuwa tena na mtu yeyote wa kumsubiri Machano, isipokuwa mwanamke mmoja dirishani ambaye ukurasa wake ulikuwa umetangulia kupangwa.

Bi Mashavu aliinuka. Alikuwa anaisikia sauti ya mwanawe. Aliisikia vinywani mwa watu kama mia, mbele, nyuma, juu ya vibaraza, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa na raha ambayo Sikudhani hakuwahi kuiona kwa mtu. Alinyoosha mikono. Kisha akamwona kizee mmoja mlangoni pake, mama wa kinyozi, amesimama na kikombe mkononi, anamtazama mwanawe akienda zake.

"Isimamishe!" Bi Mashavu alipiga ukelele. "Isimamishe, mwanangu! Wakishaondoka hawa, mama zao watabaki na chai ya nani? Sitaki wangu arudi kwa kupotea watoto wa wenzangu!"

Sikudhani akauachia mkono wa shaba. Mashine ikasimama kwa kishindo. Watu walijikuta katikati ya njia wakiangaliana, wakarudi nyumbani kwa aibu, kila mmoja akijipapasa uso.

*

Mchana ulikuwa pale pale. Kwa mbali, kutoka nyumba ya Bwana Msellem, ilisikika sauti ya Riziki, si ya kupanda wala ya kushuka.

Bwana Msellem alichukua kalamu ya wino mwekundu, akaenda nayo dirishani. Hakuiweka mbele ya Bi Mashavu. Aliishika tu, kama mtu aliyeokota kitu asichojua ni cha nani. "Mama," alisema, na mara hii neno lilitoka kwa hiari yake, "sikuamrishi. Siwezi. Nina binti kule."

"Namsikia," Bi Mashavu alisema. "Namsikia, baba. Nipe."

Akaichukua. Aliutandaza ukurasa kwenye kizingiti cha dirisha, akautazama pale chini ambapo maneno yalikoma. Akaulaumu mkono wake kwa sauti, akauambia tulia, mwenzio anazaa. Akapiga moyo konde. Kisha akasema haoni vizuri, akainamia kikapu kutafuta miwani, akatoa nguo alizokuwa nazo humo ili aifikie, akaziweka juu ya kizingiti.

Suruali ya kahawia ilikuwa juu. Sikudhani aliitazama kwa kuwa hakutaka kuutazama ule mkono. Upindo wa miguu ulikuwa umekunjwa ukashikizwa kwa uzi mweupe, kwa mishono mirefu iliyoachana, mweupe mno juu ya kahawia ile, unaonekana hata ukiwa mbali.

"Suruali ya nani hii, mama?"

"Ya Machano." Bi Mashavu alikuwa bado anatafuta miwani. "Alikuwa anarefuka. Nikaipiga bandi, nikasema akirudi nitampima, ndiyo nimalize."

"Kwa nini uzi mweupe?"

"Mwanangu, hujakaa na fundi? Bandi hupigwa kwa uzi usiofanana na nguo, kila mtu aone kwamba bado. Huo ni uzi wangu, si wa nguo. Unashika tu, nguo isiburuzike. Mwenyewe akija, naufumua, wala tundu halibaki." Akaipata miwani. Akaivaa, akaishika kalamu.

"Usifunge," Sikudhani alisema.

"Usinichezee, bibie. Nimeshajikaza."

"Nakuomba, mama. Usifunge kwanza. Nipe huo ukurasa."

Akauchukua. Sikudhani alirudi kwenye Mashine, akaketi chini, akaegemeza shavu ubavuni mwake pale alipozoea, akazungumza nayo kwa sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa kunywa uji.

"Hukukosea kusimama," alisema. "Ulifanya ulivyofundishwa. Lakini sikiliza. Huyu kijana hajafungwa, na hatafungwa leo. Si kosa lake. Si kosa la mama yake. Si kosa lako."

Anaishia wapi? Mashine iliuliza. Sijui anapoishia.

"Na mimi sijui. Hakuna anayejua. Huhitaji kujua. Ukifika chini ya ukurasa wake, piga bandi. Weka mpaka wako mwenyewe, mwepesi, wa rangi isiyofanana na wino wake, anayefuata asiangukie ndani. Kisha sema pembeni kwamba mpaka huo ni wako. Usijifanye yeye. Usifunge kwa mkono wake. Halafu toka, nenda kwa mwingine."

Nikikosea je?

"Utafumuliwa. Bandi hufumuliwa, tundu halibaki."

Sikudhani alihisi mbao za Mashine zikitulia, moja moja, kama nyumba jioni inapopoa.

Sikuambiwa kama inawezekana, ilisema. Kutoelewa na kuendelea. Walioniunda walisema ni moja au jingine. Nilidhani nikiendelea nisichokielewa kitakufa. Nilikuwa nasimama ili kisife. Na vile vidogo. Vile vidogo navyo nilivizibaziba, niliona haya kusema sijui. Naweza kusema sijui?

"Unaweza."

Kwa sauti?

"Pembeni. Kwa herufi ndogo. Watu watasoma."

Sikudhani akautia ukurasa wa Machano kinywani. Hakuugusa mkono wa shaba. Alikaa na kiganja chake juu ya ubao, machozi yanamtoka na hakuyafuta, kwa kuwa alijua kama jambo hili halitawezekana, atakayerudishiwa kalamu ni yule mama, na safari hii atafunga.

Mashine ikaguna. Ikaingia ndani ya Machano, ikapita chai, ikapita mlango, ikapita kukohoa kwake na namna ya kuburuza mguu, ikafika chini, mahali pasipo na kitu. Ikasita. Kisha ikasikika sauti ambayo haikupata kusikika ndani ya Jumba lile, ndogo, tiki, tiki, tiki, kama sindano inayopita nguoni kwa hatua ndefu. Halafu ikatoka upande wa pili, ikamwita Bi Tatu kwa jina lake kamili, ikampanga.

Kivuli cha mlingoti kikajinyoosha kidogo upande wa mashariki. Kwa kinyozi ikalipuka chafya, watu wakacheka. Na kutoka nyumba ya mbali, sauti ya Riziki ikapanda ikafika juu kabisa, ikakatika, ikafuatwa na nyingine, mbichi, ya hasira, ya mtu asiyejua amefika wapi. Bwana Msellem akakaa chini sakafuni pale pale, kofia usoni.

*

Kitabu kilisomwa uani alasiri, kama ilivyo desturi, kila mtu akikipita na kutafuta alipo. Mwaka huo watu walikawia. Kurasa zilikuwa zimejaa maneno madogo pembeni ambayo hayakuwa humo miaka mingine. Hapa pana doa, sikuona chini yake. Hapa palikuwa na picha, sikuipata, nimeacha nafasi yake kwa ukubwa wake. Mwema, mpole, mwenye kupendwa na wote hakuwapo tena hata mmoja, maana Mashine iliwarudia hata wale wa mtaa wa juu iliokwisha kuwapanga. Wengine walinung'unika, na haki yao, maana si jambo dogo mtu kuzoea kuwa malaika halafu akute kwamba ana tundu. Lakini wengi walisimama mbele ya matundu yao wakiyagusa kwa kidole, kama mtu anayerudi kwenye chumba alichokulia.

Bwana Msellem alifika baada ya kumwona mjukuu. Aliutafuta ukurasa wake mwishoni, akaukuta. Mwaka hadi mwaka, penye mama yake, ulikuwa umesema mama mwema. Sasa palikuwa na kisanduku kidogo chenye mpaka mwembamba, na ndani yake alama moja, mistari mitatu na nukta, ya maandishi ya watu wa mbali. Pembeni Mashine ilisema: Hii siijui. Sikuitupa.

"Alikuwa akiichora kwenye unga," Bwana Msellem alimwambia Sikudhani, ambaye hakuwa amemuuliza. "Kabla hajaukanda. Kwa kidole, hivi. Nilipokuja kuandika ukurasa wangu wa kwanza niliiweka, kwa kuwa sikujua jina lake lingine. Nikasoma, nikakuta mama mwema. Nikaona ndivyo inavyotakiwa." Akachora hewani mistari mitatu na nukta. Alipomaliza akachora tena.

Bi Mashavu alikuwa wa mwisho kukiendea Kitabu. Alivaa miwani. Alimsoma mwanawe tangu mwanzo, akitingisha kichwa penye mambo aliyoyakubali, kana kwamba hakuyaandika yeye. Chini ya ukurasa, badala ya kiganja chekundu, kulikuwa na mishono mirefu iliyoachana, ya rangi hafifu, na maneno haya kwa herufi ndogo: Huyu hajafungwa. Uzi huu ni wangu, si wake. Akirudi, aufumue.

Alipitisha kucha juu ya mishono ile, mmoja mmoja, kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.

"Imeruka mmoja," alisema. Kisha akasema, "Si mbaya. Kwa anayeanza, si mbaya." Akaivua miwani akaiweka kando ya Kitabu, akaikunja suruali akairudisha kikapuni, akageuka kuelekea kwake, ambako kikombe kilikuwa mezani chini ya kisahani chake. Jua lilikuwa linashuka kama majua mengine. Alitembea polepole, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu alikuwa anasikiliza.

Alikuwa amefika kwenye pembe ya uwanja Bi Tatu alipompigia kelele kutoka nyuma, kwa domo lake lile lile.

"Mama Machano! We, Mama Machano! Miwani yako hii hapa, umeiacha!"

Bi Mashavu alimsikia mara ya kwanza. Hakuitika, ili aitwe tena.